Bawaba Aaga Dimba Baada ya Miaka Thelathini na Sita

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, kocha wetu mkuu atamkabidhi katibu funguo za ofisi yake na kustaafu rasmi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita kamili ndani ya klabu hii: kumi na minne akiwa kiungo wa kati, sita akiwa kocha msaidizi, na kumi na sita akiwa kocha mkuu. Katika muda huo amefanya kazi na wenyeviti tisa, makatibu sita, mabasi matatu na mtunza vifaa mmoja tu. Mtunza vifaa huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Katibu aliniomba niandike ukurasa mmoja wa jarida. Nikamjibu kwamba ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza soksi zake. Basi msomaji unisamehe nikizidisha, maana nimefua jezi za mtu huyu tangu akiwa na kiuno chembamba kuliko mti wa kibendera cha kona.

Alikuja kufanya majaribio akiwa na umri wa miaka ishirini, na njumu alizoazima kwa binamu yake, ambazo zilimzidi kwa namba mbili. Alizijaza magazeti. Vijana walikuwa arobaini na wawili siku ile, na kila mmoja alitaka aonekane, ndiyo maana kila mmoja alikuwa anapiga chenga mpaka anajipiga mwenyewe. Yeye alipokea mpira, akageuka, akatoa pasi. Akapokea tena, akageuka, akatoa. Nusu saa nzima hakupiga hata shuti moja. Kocha wa wakati huo alikuwa fundi seremala kabla ya kuingia kwenye mpira, na macho yake yaliona kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Akasema kwa sauti, tukasikia hadi stoo, "Mlango unaweza kuwa wa mbao nzuri namna gani, lakini bila bawaba ni ubao tu. Huyo mwenye viatu vikubwa ndiye bawaba. Mleteni asaini."

Jina likamganda. Mpaka leo watoto wa mtaani wanaomwita Bawaba hawajui kwamba ana jina jingine, na nadhani hata benki wanamjua hivyo hivyo.

Kama kiungo, hakuwa mwenye mbio. Tuseme ukweli, basi letu la kwanza, lile lililokuwa likisukumwa kila Jumatatu, lilikuwa linamshinda. Ila alikuwa anajua mpira utafika wapi kabla haujaondoka. Katika miaka kumi na minne alifunga mabao kumi na moja, na moja kati ya hayo alijifunga, kwa kichwa, bao zuri kuliko mengine yote kumi. Kipa wetu wa zamani humkumbusha kila wanapokutana, na yeye hujibu kwamba angalau siku ile kulikuwa na mtu uwanjani aliyejua kulenga.

Ugomvi wake mkubwa wa miaka ile haukuwa na timu pinzani, ulikuwa na mtunza uwanja wetu. Mzee yule alizipenda nyasi kama wanawe wa kuzaa. Sasa Bawaba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kugeuka na mpira palepale katikati, alikuwa amechimba kipara cha duara, mita mbili kwa mbili. Mzee anapanda nyasi, Bawaba anazing'oa kwa kisigino. Mzee akapigilia vijiti na kamba kuzunguka kile kipara, Bawaba akaviruka akiwa mazoezini kama farasi. Wakanuniana misimu miwili. Walikuwa wanatuma salamu kupitia kwangu, tena salamu zenyewe si za kuandikwa kwenye jarida. Mwisho Bawaba alikuja siku yake ya mapumziko, asubuhi, na jembe lake mwenyewe. Akachimba, akasawazisha, akapanda, akamwagilia. Mzee alisimama kando mikono nyuma muda wote huo, halafu akasema, "Umepanda kinyume." Wakapanda upya pamoja. Kuanzia siku hiyo mzee alikuwa akimtengea kiti kivulini.

Alipofika umri wa miaka thelathini na minne, goti likamwambia basi. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anageuka kupokea mpira wa kipa, kama alivyogeuka mara elfu, akaanguka. Daktari alimwambia atatembea vizuri tu, atapanda ngazi, atacheza na wajukuu, ila mpira wa ushindani auage.

Wiki tano hakuonekana klabuni. Tulimpigia simu haikupokelewa. Wachezaji walikwenda nyumbani kwake, wakaambiwa amelala, nayo ni saa nne asubuhi. Ndipo siku moja mke wake akaja stoo kwangu. Yeye ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, mtu wa maneno machache yaliyopimwa, na alikuwa amebeba madaftari ya wanafunzi mpaka kidevuni. Akayaweka juu ya rundo la taulo, akaniambia, "Dada, mume wangu anapanga vijiko kwa ukubwa. Jana alimaliza vijiko. Mtafutieni kazi kabla hajafika kwenye sahani."

Nilicheka, naye akacheka, kisha nikaona kwamba anafuta macho.

Nilikwenda kwa kocha seremala siku hiyohiyo. Hakukuwa na nafasi yoyote kwenye benchi la ufundi, kwa hiyo nafasi iliyopatikana ilikuwa yangu: msaidizi wa mtunza vifaa. Bawaba alikuja Jumatatu na mkongojo, uso umefungwa kama stoo yenyewe. Nikampa kiti na rundo la jezi akunje. Zile jezi alizozivaa kwa shangwe miaka kumi na minne, sasa anazikunja. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili aliuliza sabuni gani natumia. Wiki ya pili alikuwa ananikosoa ninavyoanika.

Kisha yakaanza mambo ya njumu. Mimi njumu nilikuwa nazipiga brashi na kuzipanga. Yeye alikuwa anazigeuza, anazitazama nyayo kama daktari anayetazama picha za mifupa. Siku moja aliniita, akanionyesha njumu za winga wetu wa kulia. Ya kulia imechakaa sawasawa. Ya kushoto imelika upande wa nje tu. Akasema, "Huyu kijana anaumwa nyonga, na hamwambii mtu kwa kuogopa kukaa benchi." Nikamwambia asinihusishe. Hakunihusisha, akamvuta kocha mkono mpaka stoo. Winga alipopimwa ikawa ni nyonga kweli, tena tabibu wa timu akasema mechi mbili zaidi zingemmaliza. Alipumzishwa mwezi mmoja, akarudi, akacheza miaka minane.

Kocha seremala hakuwa mtu wa kusifu. Alikuja mlangoni kwangu, akamwambia Bawaba, "Toka kwenye nguo, njoo kwenye watu." Ndivyo alivyokuwa kocha msaidizi. Nilimpoteza msaidizi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao, na namdai hadi leo namna yake ya kukunja jezi za mikono mirefu, hakunifundisha vizuri.

Miaka sita alikaa pembeni ya bosi wake, akiandika kwenye kidaftari, akibeba chupa za maji, akijifunza. Bosi alipostaafu, klabu ikaajiri makocha wawili ndani ya msimu mmoja, na wote wawili wakaondoka kama walivyokuja. Zikiwa zimebaki mechi tisa, tulikuwa mkiani. Wasiojua mpira niwaeleze: timu ikishuka daraja, haishuki peke yake. Huenda na mpishi, na dereva, na fundi wa umeme, na mfuaji. Ilikuwa imeshasemwa waziwazi kwamba tukishuka, nusu ya wafanyakazi watarudi makwao. Wakati ule nilikuwa na watoto wawili shuleni, na nilikuwa nafua huku nikihesabu mechi.

Asubuhi ya Jumatatu kamati ilimwita Bawaba, ikamwambia timu ni yake. Alitoa sharti moja tu, kwamba kamati isimsemeshe wiki nzima. Walikubali, nadhani kwa mshangao.

Akatoa magoli yote mawili uwanjani. Siku nne wachezaji walifanya mazoezi bila goli, wakigongeana pasi tu katika eneo dogo, mguso mmoja, miwili, mguso mmoja. Mashabiki waliokuja kutazama wakacheka mpaka wakakaa chini. Tukafungwa mechi ya kwanza, moja bila. Wakacheka zaidi. Tukatoka sare ya pili. Ya tatu tukashinda, na ya nne, na kicheko kikaanza kubadilika sauti. Tulipofika mechi ya mwisho, hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa sisi tusio na mwalimu wa hisabati nyumbani: tukishinda tunabaki, sare au kufungwa tunashuka.

Hapa sina budi kumtaja nahodha. Alikuwa beki wa kati, kipenzi cha jukwaa zima, mwenye miaka thelathini na mitatu, na tena alikuwa shemeji yake Bawaba, mdogo wa mwisho wa mke wake. Ni Bawaba aliyemleta klabuni. Alimfundisha kunyoa ndevu, kwa maneno ya nahodha mwenyewe. Na timu tuliyokuwa tukutane nayo ilikuwa na mshambuliaji mwenye mbio za ajabu.

Alhamisi nilikuwa nyuma ya rafu nikipanga taulo walipoingia wawili hao stoo na kurudisha mlango. Nilitaka kutoka, sikupata pa kupitia. Nikabaki na taulo zangu.

"Shemeji," Bawaba akasema, "Jumamosi utaanzia benchi."

Nahodha akauliza, "Dada anajua?"

"Bado. Nimeanza na wewe kwa kuwa wewe ndiye mwepesi."

Nahodha hakucheka. "Niambie sababu."

"Yule mshambuliaji wao anakuzidi mbio. Unajua, nami najua. Sitaki watu wakukumbuke ukimfukuza kwa nyuma."

Nahodha akatoa kitambaa cha unahodha mfukoni mwake, maana alikuwa anakibeba kila mahali kama hirizi, akakiweka mezani kwangu. Akatoka bila kufunga mlango. Bawaba alibaki amekishika kile kitambaa. Nilimwona akipumua kama mtu aliyemaliza mbio, nikajikohoza ili ajue hayuko peke yake. Akasema tu, "Dada, kumbe uko hapo. Pole."

Nyumbani, mke wake alimsikiliza hadi mwisho, kalamu nyekundu mkononi, akamwambia, "Uwanjani wewe ni kocha wake, humu ndani ni mume wangu. Ya uwanjani usiyalete mezani." Akaendelea kusahihisha. Mama mkwe ndiye ambaye hakuelewa. Mama yule alikuwa anamwita Bawaba mwanangu tangu siku ya posa. Jioni ile alipiga simu, akasema, "Naomba kuongea na kocha." Akaongea na kocha, dakika mbili, akakata. Kuitwa kocha na mama mkwe, Bawaba aliniambia baadaye, kuliuma kuliko goti.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta. Kipindi cha kwanza, bila kwa bila. Yule mwenye mbio alijaribu mara sita, na mara zote sita beki wetu chipukizi, aliyeshika nafasi ya nahodha, alikuwa naye bega kwa bega. Dakika ya sitini na mbili zikapigwa pasi kumi na tisa. Nilizihesabu, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kufanya kitu kingine. Ya kumi na tisa ikampata winga wetu, yuleyule wa nyonga, akaiweka wavuni.

Zikabaki dakika kumi. Wapinzani wakamtoa mwenye mbio, wakaingiza mtu mrefu kama nguzo ya umeme, wakaanza kurusha mipira ya juu. Sasa mbio hazikuhitajika tena, kilihitajika kichwa. Bawaba akageuka kutazama benchi. Nahodha alikuwa ameshavua suti ya mazoezi na amesimama. Bawaba akatoa kitambaa mfukoni mwake, akamfunga mkononi yeye mwenyewe, akamsukuma uwanjani.

Alipiga vichwa hata nikaogopa shingo itatoka. Dakika za nyongeza kipa wetu akapotea njia, mpira ukawa unaelekea golini taratibu, wazi kabisa, jukwaa zima limeshika vichwa. Nahodha akaufuata, akajirusha, akautoa mstarini kwa goti, na yeye mwenyewe akaingia wavuni mzimamzima kama samaki. Filimbi ya mwisho ikalia akiwa bado amenasa mle, mguu mmoja juu.

Watu walivamia uwanja, wakabebana, mimi nilimbusu dereva wa basi na mpaka leo hatulizungumzii. Ila Bawaba, aliyekuwa hajakimbia tangu siku ile ya goti, alikimbia uwanja mzima akichechemea kwenda kumnasua shemeji yake. Walikaa mle wavuni, mmoja akifungua, mwingine akijifunga upya kwa kucheka. Miezi baadaye nilimuuliza nahodha ni maneno gani makubwa waliyoambiana pale. Akasema kocha alimuuliza jambo moja tu: "Mama atanisemesha sasa?"

Alimsemesha. Jumapili alikuja mwenyewe na chupa ya chai, akamwita mwanangu mbele ya majirani wote, mara tatu, ili wasiosikia ya kwanza wasikie.

Yaliyofuata yameandikwa kwenye ukuta wa ofisi na sina haja ya kuyarudia yote. Hatujawahi kukaribia kushuka daraja tena. Tumemaliza nafasi ya tatu mara mbili. Mwaka wa sita wa ukocha wake tulichukua kombe. Siku ya fainali, wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma kwa bao moja, wachezaji walikaa wakisubiri hotuba ya maisha yao. Bawaba aliingia, akanywa maji, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mnajua." Akatoka. Walibaki wakiulizana wanajua nini, wakaanza kubishana, na katika kubishana wakagundua wenyewe kwamba beki wa kushoto wa wapinzani alikuwa amechoka. Mabao mawili yalitokea upande huo. Nilipomuuliza kama alikuwa amepanga hivyo, alikiri kwamba sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele.

Ni yeye aliyepigania timu ya wanawake ipewe uwanja mkuu kila Jumatano, badala ya ule wa nyuma wenye mawe. Kamati ikamwambia nyasi hazitahimili. Akamleta mtunza uwanja mbele ya kamati, na mzee akasema nyasi zake zimeshamhimili Bawaba, hakuna kinachoweza kuzishinda. Hoja ikapita. Leo wanawake hao wako daraja la kwanza, na wawili kati yao ni makocha wenye vyeti.

Asije mtu akadhani namchora malaika. Ana hasira za karibu. Aliwahi kupiga teke ndoo ya maji iliyojaa, akatembea na kidole kilichofungwa wiki mbili akidai ameumia mazoezini. Hakumbuki majina, kila mtu ni kijana wangu, hata mwenyekiti wa sasa mwenye miaka sabini na moja. Haamini kompyuta. Na njumu za wachezaji bado huja kuzigeuza kila Ijumaa, ananipangulia kazi yangu yote, halafu anaondoka bila kuzipanga.

Lakini niseme na hili, kwa niaba ya jikoni, na dereva, na tabibu, na vijana wa tiketi, na wote ambao majina yao hayasomwi kwenye kipaza sauti. Miaka kumi na sita ya ukocha wake, tukishinda, alikuwa anaanza kutupa mkono sisi kabla hajakwenda kwa waandishi wa habari. Tukifungwa, alikuwa anakwenda kwa waandishi kwanza, ili kelele zimwishie yeye.

Ndoa yake na mwalimu wetu ina miaka ishirini na tisa. Mwalimu amenipigia hesabu: katika miaka hiyo yote hawajawahi kuhudhuria harusi hata moja wakiwa pamoja, kwa sababu harusi huwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa yetu. Amehudhuria harusi zaidi ya sitini akiwa na kiti kitupu pembeni, amekiwekea mkoba wake. Jumamosi ya kwanza ya Julai, binti wa nahodha wetu wa zamani anaolewa. Bawaba ameshashonewa suti. Juzi alikuja stoo kuniuliza, kwa umakini kabisa, iwapo harusi nayo ina mapumziko katikati, na kama mtu anaruhusiwa kuomba mchezaji wa akiba.

Nimemjibu kwamba hakuna akiba, dakika zote ni zake.

Kaka Bawaba, klabu nzima inakushukuru, na kila aliyebaki na kazi yake kwa sababu yako anakushukuru mara mbili. Nenda ukakae kwenye kile kiti. Afya njema, goti tulivu, na Jumamosi nyingi, nyingi sana, ubavuni mwa mwenye mkoba.